Mathewson au Johnson: uanze na mrushaji yupi?

Ukianza kuifuatilia besiboli ya zamani, hutafika mbali kabla ya kukutana na majina mawili: Christy Mathewson na Walter Johnson. Wote walirusha kwa mkono wa kulia. Wote waling'ara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na wote walisifiwa kwa upole wakati ambapo mchezo wenyewe ulijaa walevi na watu wa ngumi. Mwaka 1936, Jumba la Umaarufu la besiboli lilipochagua watu wake watano wa kwanza, warushaji walikuwa hawa wawili tu. Mathewson alipata kura 205 kati ya 226, Johnson 189.

Tuseme una muda wa kumjua mmoja kwa undani. Umchague yupi? Zamani ningekujibu Mathewson kabla hujamaliza kuuliza. Siku hizi namchagua Johnson, na nitaeleza kwa nini. Ila kuna wasomaji ambao bado ningewapeleka kwa Mathewson, na huenda wewe ni mmoja wao.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa mgeni. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo, mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akikosa au akiachia mipira mitatu mizuri, ametolewa, na hiyo huitwa straikiauti. Mrushaji akitupa minne mibovu, mpigaji anajiendea zake besi ya kwanza bila jasho. Akifanikiwa kuzunguka besi zote nne na kurudi nyumbani, timu yake imepata mkimbio mmoja. Wachezaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana zamu, na mchezo mzima una awamu tisa, au zaidi kama timu ziko sare. Hayo yanatosha. Mengine utayaokota njiani.

Zama zao

Kabla ya kutaja takwimu, ujue mpira waliokuwa wanaurusha. Hadi mwaka 1920 mpira mmoja ungeweza kutumika sehemu kubwa ya mchezo, ukapigwa, ukagaragazwa, ukapakwa tope na juisi ya tumbaku mpaka ukawa mweusi na laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Kuupaka mate ilikuwa ruhusa. Mpigaji aliuona kwa shida, na hata akiupata haukwenda mbali. Mwaka 1916 Johnson alirusha awamu karibu 370 na hakuna hata mpigaji mmoja aliyempiga mpira ukavuka ukuta. Msimu mzima! Ukimwambia hivyo shabiki wa leo atadhani unamtania.

Kwa hiyo usiwalinganishe hawa wawili na warushaji wa sasa, utapotea. Walinganishe wao kwa wao. Na hata hapo kuna mtego. Mathewson alicheza tangu 1900 hadi 1916, maisha yake yote ya uwanjani yakiwa ndani ya zama hizo za mpira mzito. Johnson alianza 1907 na kumaliza 1927, maana yake miaka yake minane ya mwisho ilikuwa zama nyingine kabisa, za mpira mpya mweupe na za Babe Ruth, mpigaji maarufu wa mipira ya kuvuka ukuta.

Ana kwa ana

| | Mathewson | Johnson |
|---|---|---|
| Misimu | 17 | 21 |
| Timu | New York Giants (na mchezo mmoja Cincinnati) | Washington tu |
| Ushindi | 373 | 417 |
| Kushindwa | 188 | 279 |
| Wastani wa mikimbio kwa awamu tisa | 2.13 | 2.17 |
| Michezo kamili bila kuruhusu mkimbio | 79 | 110 |
| Straikiauti | zaidi ya 2,500 | zaidi ya 3,500 |

Ukiutazama mstari wa wastani, utasema wako sawa. Lakini kumbuka miaka minane ile ya Johnson. Mtu aliyepita kwenye mvua na mwenzake aliyepita juani wakifika na nguo zenye unyevu sawa, mimi namstaajabia wa kwanza.

Mstari unaowapoteza wageni ni ule wa kushindwa. 279 ni nyingi, na mtu asiyejua historia anaweza kudhani Johnson alikuwa mrushaji wa kubahatisha. Ni sawa na kumpima golikipa kwa mechi ambazo timu yake imeshinda. Golikipa anaokoa penalti, anaokoa la kichwa, anafungwa moja la kona dakika ya 89, na kwa kuwa washambuliaji wake siku hiyo walikuwa wanatembea, timu inalala 1-0 na jina lake linaandikwa upande wa walioshindwa. Mara 64 mchezo wa Johnson uliamuliwa kwa mkimbio mmoja kwa sifuri. Alishinda 38, akapoteza 26. Fikiria mtu anayepoteza michezo 26 kwa kosa la kuruhusu mkimbio mmoja tu.

Timu zao ndizo zilizowatenganisha. Mathewson alikuwa na Giants ya John McGraw, kocha mfupi mwenye mdomo mchafu na akili ya chui, ambaye timu yake iligombea ubingwa karibu kila mwaka. Johnson alikuwa na Washington. Utani wa magazeti ulikuwa kwamba Washington ni ya kwanza katika vita, ya kwanza katika amani, na ya mwisho katika Ligi ya Marekani (American League), mojawapo ya ligi kuu mbili. Mwaka 1909 timu hiyo ilipoteza michezo 110, na Johnson mwenyewe alishinda 13 akashindwa 25.

Walivyorusha

Mathewson alizaliwa Factoryville, Pennsylvania, mwaka 1880. Alisoma Chuo Kikuu cha Bucknell, jambo la nadra kwa mchezaji wa wakati ule. Alikuwa mrefu, mtanashati, bingwa wa mchezo wa dama, na hakurusha siku ya Jumapili kwa heshima ya imani ya nyumbani kwao. Akina mama waliokuwa wakiwakataza watoto wao besiboli walilegeza kidogo kwa ajili yake.

Silaha yake iliitwa fadeaway, mpira unaofifia. Mpira wa kawaida wa kupinda, ukirushwa na mtu wa mkono wa kulia, humkimbia mpigaji wa kulia. Wa kwake ulipinda upande wa pili na kumwingilia mwilini huku ukizama. Kuurusha kulitaka kiganja kizungushwe kinyume na maumbile yake, kama mtu anayefungua kitasa kwa upande usio wake, na uliumiza mkono. Kwa hiyo aliutumia kwa uchoyo, mara chache tu kwa mchezo, pale jahazi linapotaka kuzama. Muda uliobaki alitegemea shabaha. Msimu wa 1913 alirusha awamu 306 na kuwapa wapigaji besi ya bure mara 21 tu, na ndani ya msimu huo akapitisha awamu 68 mfululizo bila kumpa mtu hata moja. Mimi nikimfundisha mtoto kurusha, ningemwonyesha takwimu hiyo kabla ya nyingine zote.

Johnson hakuwa na ujanja wowote wa namna hiyo. Alizaliwa 1887 shambani karibu na Humboldt, Kansas, familia ikahamia California kwenye visima vya mafuta, na Washington ilimkuta mwaka 1907 akichezea timu ya mji mdogo wa Weiser, Idaho. Mikono yake ilikuwa mirefu mno. Aliurusha mpira kwa upande, mkono ukifyeka karibu na kiuno, taratibu kama mtu asiye na haraka, halafu mpira unafika kabla mpigaji hajaamua. Kwa miaka mingi hakuhitaji mpira mwingine zaidi ya huo wa kasi. Wakambandika jina la Treni Kubwa. Wapigaji walijua kabisa kinachokuja, na walikosa vilevile. Mwenye nguvu mpishe.

Alikuwa na hofu moja: kumpiga mtu kichwani akamuua. Ty Cobb wa Detroit, mpigaji hodari na mtu asiye na haya, aligundua hilo. Alichofanya ni kusogea mpaka karibu kabisa na mstari, mwili ukining'inia mahali mpira unapopita. Johnson, kwa woga wa kumuumiza, akawa anarusha nje, Cobb anapata mipira mibovu, na akishakuwa mbele kwa hesabu anarudi nyuma hatua moja na kusubiri mpira laini. Kwa hiyo ukisoma kwamba Cobb alimpiga vizuri Johnson, ujue ulikuwa ushindi wa ukorofi dhidi ya huruma. Na ajabu ni kwamba pamoja na tahadhari yote hiyo, mipira ya Johnson iliwagonga wapigaji zaidi ya 200.

Siku zao kubwa

Hapa ndipo Mathewson humnyang'anya mwenzake wasomaji wengi, na kwa haki. Oktoba 1905 Giants walikutana na Philadelphia Athletics katika World Series, fainali ya mabingwa wa ligi mbili. Tarehe 9 Mathewson alirusha mchezo mzima, Athletics hawakupata mkimbio. Tarehe 12 hivyohivyo. Tarehe 14 hivyohivyo tena, na Giants wakawa mabingwa. Awamu 27 ndani ya siku sita, wapinzani hawakugusa besi ya nyumbani hata mara moja, na katika awamu zote hizo alimpa besi ya bure mtu mmoja tu. Miaka 120 imepita na bado watu wanaitaja fainali hiyo kama kipimo.

Johnson naye alifanya jambo linalofanana, na karibu hakuna anayelisimulia. Septemba 1908, akiwa na miaka 20, alikwenda New York na timu yake. Ijumaa aliwafunga wenyeji, New York Highlanders (si Giants), bila kuruhusu mkimbio. Jumamosi akarudi kichuguuni akawafunga tena bila kuruhusu mkimbio. Jumapili hakukuwa na mchezo kwa sababu sheria ya New York ilikataza. Jumatatu kocha akamrudisha, na matokeo yakawa yaleyale. Mara tatu ndani ya siku nne. Lakini ile New York ilikuwa ndiyo ya mwisho kwenye ligi, Washington ilikuwa juu yake nafasi moja, na hakuna kombe lililokuwa linagombewa. Uwanja huohuo wa takwimu, jukwaa tofauti.

Mathewson hakuwa mtu wa bahati kila siku, ingawa picha zake humfanya aonekane hivyo. Mwaka 1908 alishinda michezo 37, na bado msimu ukaisha yeye akiwa ameshindwa na Chicago katika mchezo wa marudio ulioamua ubingwa, marudio yaliyotokana na kijana Fred Merkle wa Giants kusahau kugusa besi ya pili wiki mbili kabla. Mwaka 1912 huko Boston, katika mchezo wa mwisho wa fainali, Giants waliongoza 2-1 wakiingia nusu ya mwisho ya awamu ya kumi. Mpira mwepesi wa juu ukamwangukia Fred Snodgrass mikononi, ukamponyoka. Baadaye mwingine, mwepesi kuliko ule, ukashuka kando ya mstari katikati ya wachezaji wa Giants wanaotazamana, ukadondoka chini. Boston wakashinda 3-2. Katika fainali zote alizocheza aliruhusu mkimbio takribani mmoja kwa awamu tisa, na rekodi yake humo ni ushindi tano, kushindwa tano.

Sasa Oktoba 1924

Nikikushauri uanze na Johnson, sharti langu ni moja: usianzie Kansas. Anzia hapa, halafu urudi nyuma.

Kufikia 1924 Johnson alikuwa na miaka 36 na hajawahi kucheza fainali. Mwaka 1913 alikuwa ameshinda 36 na kushindwa 7, akaruhusu wastani wa 1.14, akapitisha awamu 55 na theluthi mbili mfululizo bila mkimbio, na bado timu ikamaliza ya pili. Mwaka 1920 mkono ulimuuma, wengi wakasema kwisha habari yake. Sasa Washington, chini ya kocha-mchezaji Bucky Harris mwenye miaka 27, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi, na mpinzani wa fainali alikuwa nani? Giants, wakiongozwa na John McGraw yuleyule wa Mathewson.

Johnson alirusha mchezo wa kwanza, akashindwa baada ya awamu 12. Akarusha wa tano, akashindwa tena. Nchi nzima ilisikitika. Ikaja tarehe 10 Oktoba, mchezo wa saba, Washington, Rais Calvin Coolidge akiwa jukwaani. Matokeo yakiwa 3-3, mwanzoni mwa awamu ya tisa, Harris akamwita mzee.

Frankie Frisch akampiga mpira mrefu na kufika besi ya tatu, na ametolewa mtu mmoja tu. Mpira wowote wa juu wenye umbali ungempeleka nyumbani. Johnson akampa Ross Youngs besi ya bure kwa makusudi. Kisha akamtoa George Kelly kwa straikiauti, na Irish Meusel akapiga wa chini ukadakwa. Awamu ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, kila mara akitoka salama, mara nyingine kwa tundu la sindano.

Mwisho wa awamu ya 12 Muddy Ruel, mdakaji wa Washington, alipiga mpira ukaenda juu kwa juu nyuma ya besi ya nyumbani. Hank Gowdy wa Giants alitupa kinyago chake chini, akautazama mpira, akakikanyaga kinyago hichohicho, mguu ukanasa humo, na mpira ukaanguka pembeni. Ruel, aliyepewa uhai wa pili, akapiga tena na kufika besi ya pili. Johnson mwenyewe akapiga, Giants wakaboronga, akabaki besi ya kwanza. Kisha Earl McNeely akapiga mpira wa kutambaa kuelekea besi ya tatu alikokuwa Freddie Lindstrom, kijana wa miaka 18. Mpira ukagonga kijiwe, au kitu kama kijiwe, ukaruka juu ya kichwa chake. Ruel akakimbia nyumbani. Washington 4, Giants 3. Mtu aliyepoteza michezo 26 kwa 1-0 alishinda mchezo mkubwa kuliko yote kwa kinyago na kokoto.

Baada ya uwanja

Sehemu hii Mathewson ana uzito zaidi. Akiwa kocha wa Cincinnati mwaka 1918 alimsimamisha Hal Chase, mchezaji wake mwenyewe, kwa kuuza michezo, wakati viongozi wengi walikuwa wanafumba macho. Mwaka huohuo alikwenda Ufaransa kama ofisa wa kikosi cha vita vya gesi. Mwaka 1919, fainali iliyokuja kujulikana kwa hongo, yeye alikaa na waandishi akiweka alama kwenye matukio ya uwanjani yaliyomtia shaka. Kisha kifua kikuu kikamfunga kitandani huko Saranac Lake, milimani New York. Johnson alifundisha Washington na Cleveland bila makuu, akaingia siasa za wilaya huko Maryland, akagombea ubunge mwaka 1940 akashindwa. Alifariki 1946.

Kwa hiyo, kama unapenda maisha yenye umbo la hadithi, yenye kilele mapema, maadili yaliyojaribiwa na mwisho wa huzuni, chukua Mathewson, utakesha. Kama wewe ni mtu wa mbinu, unayetaka kujua mrushaji asiye na kasi ya kutisha hushindaje, chukua Mathewson vilevile. Lakini kama umechoshwa na hesabu za nani ameshinda mara ngapi, na unataka kujifunza kumtenganisha mchezaji na timu iliyomzunguka, hakuna darasa kama Johnson. Mimi baada yake siwezi tena kulitazama jedwali la timu yoyote, hata ya soka, bila kujiuliza nani yuko nyuma ya zile 1-0.

Na ukimaliza mmoja utamkuta mwenzake mlangoni tu. Tarehe 7 Oktoba 1925 Washington walikuwa Pittsburgh kwa mchezo wa kwanza wa fainali nyingine. Johnson, karibu miaka 38, alirusha awamu zote tisa, akatoa watu kumi kwa straikiauti, akashinda 4-1. Siku hiyohiyo, huko Saranac Lake, Mathewson alifariki akiwa na miaka 45. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili waliingia uwanjani na vitambaa vyeusi mikononi.